Hodi Kwenye Gari Jeupe

Leo nimejiumbua mwenyewe, mchana kweupe, mlangoni pa msikiti. Nawaandikia ninyi wenzangu wa darsa la Alasiri kwa sababu habari hii mtaipata tu. Mama Rukia amekwisha kuwatumia wake zenu kwa sauti yake, na ninavyomjua, ameigiza mpaka mwendo wangu. Afadhali muisikie na kwangu.

Mnajua tumekuja Doha kumwangalia binti yetu Rukia na mtoto wake mchanga. Mtoto amekua, alhamdulillah, na mashavu anayo. Lakini tangu tufike, bibi yake amekaa ghorofani Al Mansoura akifua nepi, akimkanda mwanawe, na dirisha lake linatazama ukuta wa jengo la pili. Mkwe wetu anafanya kazi hotelini West Bay. Siku yake ya mapumziko ni ya kulala, wala simlaumu. Mke wangu hakulalamika hata mara moja. Siku moja tu alisema amesikia kwamba kaskazini huko, mbele ya Al Khor, kuna mikoko. Mikoko, katika nchi hii ya mchanga. Yeye ni mtu wa Pangani, amekulia humo. Aliposema alikuwa anakunja nguo, hakuniangalia. Nami nikajua.

Keshokutwa tunarudi nyumbani. Nikaona haiwezekani mwanamke huyu apande ndege mara mbili kwa ajili ya kuona ukuta.

Kwa hiyo nikakodi gari, kwa leo tu, la kurudishwa kabla ya Magharibi. Rukia hakupenda. Alisema huku wanaendesha upande wa kulia, tena kwa kasi, na mimi nimefika umri wa kuendeshwa. Nikamkumbusha nani alikuwa dereva wa gari la ushirika Tanga nzima, jua na mvua. Mwishowe akakubali kwa sharti: likitokea tatizo lolote, hata dogo, nimpigie, na yeye na mumewe watakuja kulichukua gari, na safari imeishia hapo hapo.

"Lolote, baba," akasema, kama mimi ndiye niliyezaliwa juzi.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, jipya, na lina adabu kuliko watu wengi. Halina ufunguo wa kuchomeka. Unaweka mfukoni kitu mfano wa kiberiti, unabonyeza kitufe, linawaka. Mhudumu wa ofisi alinieleza yote hayo taratibu, nami nikawa naitikia kwa kichwa. (Kuitikia kwa kichwa ndiko kulikoniponza.) Gari langu la nyumbani mnalijua. Likiwaka, mtaa mzima unajua nakwenda sokoni. Hili likiwaka hujui, likizimika hujui.

Tukapita kando ya bahari, tukaitazama minara ya West Bay, Mama Rukia akauliza wanaosafisha vile vioo wanashukaje. Kisha tukashika barabara ya kaskazini. Niliendesha polepole, kulia kabisa. Malori yakanipita yakinipigia honi, nami nikawapungia mkono. Nilijisikia vizuri sana. Nilianza hata kumweleza mke wangu kwamba uzee ni hesabu tu.

Tulipofika Al Khor, Adhuhuri ilikuwa inakimiwa. Nikaegesha kando ya msikiti, nikatia gia ya kuegeshea, tukashuka haraka, nikabonyeza kitufe cha kufungia. Gari likalia, pi, pi, pi. Nikadhani linaniaga. Tukakubaliana na Mama Rukia kwamba nitakapokuwa tayari garini nitampigia simu, ili asisimame juani. Akaingia upande wa wanawake. Mimi nikavua viatu, nikavitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaingia navyo. (Mtu aliyeibiwa ndala msikiti wa Ngamiani hasahau, hata akiwa Qatar.)

Na kwa kuwa viatu ninavyo mkononi, baada ya sala nikatokea mlango ulio karibu, si ule nilioingilia. Kushoto kwangu kukawa kulia, mbele kukawa nyuma. Nikazunguka kona nikitafuta gari langu, na mbele yangu kulikuwa na safu ya magari, yote meupe, kama mahujaji. Moja lilikuwa linaunguruma kidogo, kwa chini, na maji yanadondoka uvunguni. Nikaweka kiganja juu ya boneti. La moto. Linawaka, na mwenyewe hayupo.

Nilisimama pale nikasikitika kweli. Nyumbani kwetu gari likiachwa hivi, kabla hujasema amina limeshafika Korogwe.

Karibu na hapo kuna duka kubwa, na mlinzi wake alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kula. Nilimsalimia kwa Kiarabu, akanijibu kwa Kiswahili. Kofia yangu ilikwisha kumwambia. Ni Mkenya wa Bungoma, anaitwa Wafula, mrefu, mcheshi. Nikamwonyesha gari.

"Hii iko on tangu saa hizo zote?" akauliza. "Lakini mzee, huku ndio kawaida yao. Mtu anaacha imewaka, anaenda zake, akirudi anakuta baridi. Hakuna mwizi."

"Mwizi hakosi, mwanangu."

"Akiiba ataipeleka wapi? Mbele ni mchanga, nyuma ni bahari."

Nikamwambia suala si mwizi. Suala ni amana. Mtu amepewa mali, amepewa mafuta, anayaacha yanaungua bure kwa sababu ya uvivu wa kunyoosha kidole. Wafula akazunguka nyuma ya gari, akaona stika ya kampuni ya kukodisha.

"Mzee, hata si yake. Ni ya kukodi."

Basi hapo ndipo niliposhikwa na hamasa. Mali ya watu! Nikasema sitaondoka mpaka mwenyewe aje, nimkabidhi gari lake, na nimweleze maneno mawili. Wafula akafurahi. Akasema na yeye anataka kuwepo mtu huyo akipewa darasa, maana zamu ni ndefu na hakuna televisheni.

Mama Rukia akapiga simu. Aliuliza kama niko tayari. Nikamwambia asubiri kidogo, kuna amana ya Mwislamu mwenzetu naiangalia. Akaniuliza, kwa upole, kama mikoko nayo itatusubiri. Nikamjibu kwamba anayemsitiri mwenzake naye husitiriwa. (Jibu zuri. Sijui kwa nini hakulishukuru.)

Muda ukaenda. Waumini wakaja wakachukua magari yao, safu ikapungua. Mtu mwenye akili angejiuliza sasa lake liko wapi. Mimi sikujiuliza. Lilikuwa upande wa pili, nilijua, nimelifunga, limeniaga. Nilikuwa nimemshughulikia mtu mwingine kiasi kwamba sikuwa na nafasi ya kujishughulikia mimi.

Akatoka muadhini, Msudani mtu mzima, ana mvi nzuri. Nikamweleza kwa Kiarabu changu, ambacho mnajua ni cha vitabuni, kwa hiyo nadhani nilimwambia kitu kama, ewe mwenye kunadi, hakika chombo hiki kimeachwa na bwana wake. Alitabasamu kidogo lakini alinielewa. Akawauliza watu waliobaki mlangoni gari ni la nani. Hakuna aliyelijua. Wakasogea, Wabangali wawili watatu na Mpakistani mmoja mwenye ndevu nyekundu, nasi tukawa baraza. Nikawasemesha kidogo juu ya amana. Muadhini akafafanua palipohitaji kufafanuliwa. Walisikiliza vizuri, Mungu awalipe.

Kisha muadhini akaingiwa na hofu: huenda ndani mna mtoto amelala. Vioo vilikuwa vyeusi, kama vya magari mengi ya huku. Wafula akatoa tochi yake achungulie. Nikamzuia kwa mkono. Huenda mna mke wa mtu, nikasema, naye amejisitiri kwa vioo hivi, sisi ni nani wa kummulika? Muadhini akaafiki. Ikabidi tupige hodi.

Nikapewa mimi heshima hiyo, kwa umri. Nikageuka, nikalipa gari mgongo ili macho yangu yasivuke mpaka, nikagonga kioo kwa nyuma na kutoa salamu: amani iwe juu yenu, enyi watu wa gari. Kimya. Nikagonga ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Na mafundisho mnayajua: ukibisha hodi mara tatu usijibiwe, unarudi. Nikarudi hatua moja.

Nimelibishia hodi gari langu mwenyewe, ndugu zangu. Kwa utaratibu kamili.

Wafula akasema basi tupige namba iliyo kwenye stika, kampuni imtafute mteja wao. Nikamwambia vyema, piga. Alikuwa anasoma namba kwa sauti huku anabonyeza, ndipo Mama Rukia alipotokea upande wa wanawake. Hakumsalimia mtu. Alipita katikati yetu, akafungua mlango wa mbele wa lile gari, akaingia, akakaa, akavuta buibui lake ndani na kufunga.

Nilishtuka mpaka ule mfuko wa viatu, sasa mtupu, ukanitoka mkononi. Nikaenda mbio, nikafungua.

"Mama Rukia, toka humo. Gari la watu hilo."

"La watu gani?"

"Hatumjui. Ndiye tunayemsubiri."

Aliniangalia. Mmeishi na wake zenu miaka mingi, mnalijua lile jicho. Akainama miguuni, akatoa kikapu, akakiweka mapajani.

"Basi huyo mtu ana chupa ya chai kama yangu," akasema. "Ana maandazi yangu. Na dawa zako za presha anazo. Tena mbona umeliacha linawaka?"

Nikatia mkono mfukoni, nikakitoa kile kiberiti, nikakitazama kama nakiona leo; kumbe zile pi, pi, pi gari lilikuwa linakataa kufungwa likiwa linawaka. Wabangali wakakitazama. Mwenye ndevu nyekundu akakitazama, kisha akazichana ndevu zake kwa vidole akiangalia juu mbinguni.

Wafula akakata simu.

"Mzee," akasema, kwa heshima zote, "sasa ile darasa itaendelea, ama mwanafunzi amechelewa?"

Nilitamani ile parking ipasuke. Lakini ngojeni niwaambie kilichonichoma zaidi ya kicheko cha Wafula. Muadhini hakucheka. Aliweka mkono kifuani, akawageukia wale watu na kuwaambia kwa Kiarabu chepesi kwamba mwenye gari amepatikana, alikuwa na udhuru, alikuwa anawahi sala, waende na amani. Hakusema ni nani, ingawa mbuzi wa jirani alikwisha kujua ni nani. Nami nimesimama pale muda wote ule na sikumfikiria yule mtu udhuru hata mmoja. Mvivu, nilisema. Hajali, nilisema. Sikusema huenda alisikia ikama ya sala. Miaka mingi nawafundisheni kumdhania mwenzenu mema, na mtu pekee niliyepewa leo wa kumdhania mema alikuwa mimi, nikamkosa.

Nilimwomba muadhini anisamehe. Alinishika mkono mpaka mlangoni mwa gari (upande wa pili, nilikuwa naelekea kuingia ule wa abiria) na akaniombea safari njema. Wafula alinipigia saluti. Tulimwachia maandazi.

Rukia sikumpigia. Sharti lake lilisema tatizo. Hili niliona ni mtihani.

Njiani Mama Rukia hakunisemesha. Nikaanza kuomba radhi, nikamwambia nimemlia muda wake, na jua limeshaanza kuinama, na sijui kama tutafika. Nikageuka kumtazama nikaona mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa na pembe ya mtandio mdomoni, anacheka mpaka machozi, na kila akijaribu kuacha anasema, "Enyi watu wa gari," na anaanza upya.

Tulifika. Jua bado lilikuwepo, alhamdulillah, la kutosha. Barabara ikaisha, mchanga ukaisha, na pale kukawa na kijani, maji yametulia katikati, na vile vijiti vya mizizi vimechomoza topeni kama vidole. Mke wangu alivua viatu bila kuniuliza. Akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, akashika jani, akaligeuza, akaligusisha kwenye ulimi.

"Mchu," akasema, akiutaja mkoko wa kwao kwa jina. "Chumvi ile ile."

Akasimama hapo muda mrefu, nami nikamwacha. Mwanamke amelea wanawe, amelea mjukuu ugenini, na alichokitaka kilikuwa jani. Nilimshukuru Mungu kwamba sikumkosesha kwa sababu ya ubora wangu.

Kisha, bila kugeuka, akauliza:

"Mzee, gari umezima?"

Nikamjibu kwamba nimezima, vipi tena, mimi si mtoto. Baada ya kitambo nikamwambia narudi mara moja garini kuchukua kofia yangu.

Kofia nilikuwa nimeivaa. Anayecheka na acheke sasa, kabla sijafika, maana Ijumaa nipo mimbarini na sitaki kuona mabega ya mtu yakitikisika.