Ukwato wa Sultani na Bakuli la Halua

Jumatatu, 10 Februari 2025

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Mwanarusi amenipikia mahamri na mbaazi, akakaa kunitazama nikila. Sijui nilitenda jema gani duniani.

Baba mkwe, Mzee Abdurahman, amekwenda Vanga hadi Jumamosi. Ameniachia Sultani, farasi wake wa kupandisha wageni ufukweni Diani. Nikimtunza vizuri, kazi ni yangu. Nikishindwa, anapewa Shutu, kaka yake Mwanarusi. Shutu anajua wanyama. Mimi namjua Mwanarusi.

Saa tatu Sultani akaanza kuchechemea. Mguu wa mbele hataki kuukanyagia, ukwato una joto. Nikampigia Daktari Mwinga wa mifugo. Alikuwa Kibuyuni, upepo umejaa kwenye simu. Alisema ni usaha ndani ya ukwato, niuloweke katika maji moto yenye halua. Nilistaajabu. Lakini mtu mzima haulizwi mara mbili. Niliuliza tu: nyeupe au nyekundu? Akasema nyeupe, kwani kuna nyekundu? Akataka kujua kama ninayo. Nikamwambia ya harusi imebaki bakuli zima, wageni walikula wakashindwa. Akasema hajapata kusikia harusi ya namna hiyo.

Jumanne, 11 Februari

Nimeyeyusha nusu bakuli. Mwanarusi alishika ndoo, akanung'unika kwamba ni halua ya mamake. Nikamwambia penzi letu sasa linatibu hadi wanyama. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Nilisahau farasi.

Farasi naye akainama akainywa dawa yote. Nikayeyusha nusu iliyobaki. Adhuhuri wakaja sisimizi, kisha nyuki. Sultani akaipiga ndoo teke.

Shutu alisimama mlangoni mwa banda. Akaniita shemeji kwa sauti ya asali, akauliza farasi anaposwa lini, na mbona ananukia iliki. Hajaoa, ataelewa nini.

Mguu umezidi. Sasa hataki hata kuugusisha chini.

Jumatano, 12 Februari

Daktari Mwinga amekuja mwenyewe. Alinusa ukwato, akanusa vidole vyake. Akaniuliza kwa upole: mwanangu, mimi nilikwambia nini? Nikasema halua. Akaigeuza ndoo, akaikalia.

Haluli, akasema. Chumvi ya haluli, ile inayonywewa tumbo likifunga.

Nimeelewa sasa kwa nini harusi yetu ilimshtua.

Alichonga ukwato kwa kisu kidogo, usaha mweusi ukatoka, Sultani akashusha pumzi ndefu. Kisha haluli, ya kweli. Ameagiza ukwato ufungwe kwa nepi ya mtoto na utepe mpana, usiingie maji wala mchanga kwa wiki nzima. Niliitikia kwa kichwa kila neno. Mawazo yalikuwa kwa Mwanarusi, alikuwa anaanika nguo.

Alhamisi, 13 Februari

Nepi nimenunua Ukunda, dukani kwa Bi Hanifa. Aliuliza harusi ilikuwa lini. Akahesabu kwa vidole. Nikasema ni za farasi. Haikusaidia.

Kabla ya alasiri mama mkwe alikuwa amekwisha pata habari na kumpigia Mwanarusi akitaka maelezo. Mwanarusi hakusema nami hadi magharibi. Saa ndefu kuliko zote za ndoa yetu. Nilimpelekea asmini. Akanirushia nepi, ndipo nikajua amenisamehe.

Sultani ameanza kukanyagia.

Jumamosi, 15 Februari

Baba mkwe amerudi. Nikampa shikamoo. Sultani alimfuata hadi langoni bila kuchechemea. Mzee aliitazama ile nepi kwa muda. Shutu alikohoa, akaeleza yote, hata iliki. Mzee akasema mguu ni mguu, farasi anatembea, kazi ni yangu.

Kazi ni yangu! Nilitaka kumbusu, nikabusu mkono wake tu.

Akapanda bodaboda kwenda nyumbani, akageuka kunipa agizo moja. Kesho nimpeleke Sultani baharini. Au nisimpeleke. Pikipiki ilinguruma hapohapo, sikusikia sawasawa. Shutu alisikia vizuri, nilimwona akitabasamu, lakini Shutu siwezi kumuuliza. Na baba mkwe haulizwi mara mbili.

Nimeyapima maneno yote mawili. Nimpeleke ndilo fupi, na mzee ni mtu wa maneno mafupi.

Mwanarusi amekwisha piga pasi gauni jeupe. Atapanda mbele, mimi nyuma. Tutatoka alfajiri, maji yakiwa yamejaa.