Nimevuka Mlima kwa Ajili Yake

Jumatano, 4 Juni

Mwezi wa pili huu mke wangu yuko kwa baba yake. Sababu ni ndogo. Nilimwambia nimetumwa semina, kumbe nakwepa zamu yangu ya kumwinua baba mkwe kitandani na kumpeleka hospitali. Akapita dukani ninakouza magodoro kutafuta godoro la mgonjwa. Akanikuta nimelala fofofo juu ya lile la maonyesho. Hakupiga kelele. Alimwambia bosi wangu anataka hilohilo, akasubiri niamke, akaondoka nalo.

Leo nimepata wazo. Ukweni kuna basi, lakini nani atamwonea huruma mtu aliyeshuka kwenye basi? Nitavuka mlima kwa miguu. Njia inaanzia upande huu, msituni, inapanda hadi mgongoni kisha inateremka mpaka nyuma ya nyumba ya mzee. Kutwa nzima, kwenda tu, hakuna kurudi. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, huivuka kila mwaka, na kila mwaka hutusimulia upya. Tunamwita Kamanda. Hajawahi kuwa askari. Basi nami nitatokea kule nyuma, hoi, vumbi mpaka kwenye kope. Mke wangu ataniletea maji mwenyewe.

Alhamisi, 5 Juni

Maandalizi. Simu nimeizima tangu asubuhi. Akinitafuta asinipate, wasiwasi utakuwa umemkolea nitakapotokea. Nimefanya mazoezi ya kuchechemea mbele ya kioo. Mguu wa kushoto unapendeza zaidi. Nimetunga na maneno ya kusema nikifika: "Mlima si kitu. Kigumu ni kubaki bila wewe." Mwenzangu anayeuza mito amesema ni maneno mazuri, kisha akauliza kwa nini nisipande basi. Huyu bado hajaoa.

Bosi nimemwambia tumbo linaniuma.

Ijumaa, 6 Juni

Hakuna gari la abiria linalofika pale njia ya mlima inapoanzia, kwa hiyo ni kuomba lifti. Nimesimama njia panda tangu alfajiri. Magari yanapunguza mwendo, yananiona, yanaongeza. Nilikuwa nimejipaka vumbi mapema ili nisisahau. Nadhani lilikuwa kosa.

Mwishowe lori la kokoto likasimama. Dereva hakusema neno hadi tulipofika machimboni, upande ambao si wangu kabisa. Nikamuuliza njia ya mlima iko wapi. Akaelekeza kidole kule tulikotoka. Nimerudi njia panda kwa miguu, na kitanda changu ni benchi la kituo cha mafuta. Kuchechemea sasa hakuhitaji mazoezi.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi nimepata lifti ya daktari wa mifugo. Mtu mpole, koti jeusi, viatu vinang'aa. Akasema anauzunguka mlima kwenda msibani upande wa pili, na akanishauri niende naye mpaka huko kwa sababu mvua iko njiani. Akaanza kunieleza marehemu ni nani. Nikamkatiza kwa adabu. Nikasema habari za vifo zinanivunja moyo, na leo nauhitaji moyo wangu mzima. Aliponishusha msituni alinitazama kama anavyomtazama ng'ombe aliyetema dawa.

Mlima ni mbaya. Sina la kuongeza. Mvua ilinipiga, ukungu ukafuata, tope likala soli ya kiatu changu cha kulia. Nikakifunga kiatu kwa mkanda wa suruali, suruali nikaishika kwa mkono. Kule juu nililia kidogo, halafu nikajizuia. Nilitaka machozi yanibakie ya ukweni.

Jioni nikatokea nyuma ya nyumba. Turubai limefungwa. Viti vingi, watu wengi. Nikadhani wamesikia nakuja. Nikaanza kuchechemea, nikafika katikati yao, nikasema kwa sauti: "Mlima si kitu. Kigumu ni kubaki bila wewe."

Bibi mmoja akaangua kilio, akasema mtazameni mkwe, amevuka mlima kwa uchungu wa mzee. Wanaume wakanishika mikono, wakanikalisha. Kamanda akapiga magoti akanivua viatu, akanikumbatia akilia. Ndipo juu ya bega lake nikaiona picha ya baba mkwe mezani, imezungukwa na maua.

Walikuwa wamemzika mchana.

 

Jumapili, 8 Juni

Nimemkuta mke wangu chumbani kwa mzee, anakunja shuka.

"Simu yako ilikuwa wapi?"

Nikasema imeharibika.

"Baba alikuulizia Alhamisi. Alitaka kukuona. Nikapiga, nikapiga tena. Akaniambia basi, mwache, labda yuko kazini." Akaikunjua shuka na kuikunja upya. "Amekufa anakutetea."

Nikamkumbuka mzee. Kila nilipokuja alikuwa ananyanyuka kunipisha kiti chake cha dirishani, hata alipokuwa hawezi kunyanyuka vizuri. Nilitaka kuomba radhi, kweli nilitaka.

"Wote wanasema umeuvuka mlima kwa ajili ya baba," akasema. "Mimi najua ulikuja kutazamwa. Sitawaambia. Huzuni niliyonayo inanitosha. Kesho panda basi uende."

Neno la radhi lilikuwa mdomoni. Badala yake nikamuuliza alinipigia mara ngapi.

Akabeba shuka zake, akatoka.

Jumanne, 10 Juni

Kazini. Bosi ameniuliza hali ya tumbo bila kungoja jibu. Wateja hakuna, kwa hiyo nimepata nafasi ya kufikiri.

Mke wangu alinipigia, tena na tena. Mtu asiyekujali hahangaiki hivyo. Kwa hiyo tatizo halikuwa mimi, lilikuwa mlima. Mtu aliyevuka mlima anaonekana mzima, na mtu mzima hauguzwi. Anayeuguzwa ni mgonjwa.

Shangazi yake ni muuguzi kwenye zahanati ya mtaani kwetu, na hajawahi kutunza siri. Ijumaa nitalazwa pale. Nimemuuliza mfamasia ni ugonjwa gani unaowatisha ndugu wa mke lakini hauna sindano. Hakucheka, ila naona alielewa. Nimechagua figo. Moyo umezoeleka mno, na tumbo halina heshima.

Jioni hii nimefanya mazoezi ya kugumia kwa maumivu. Jirani amegonga ukuta. Anaomba nikihamisha kabati niliinue, nisiliburute.