Kata ya Kwanza ya Mbege

Jumanne, 3 Desemba. Uru.

Nimechaguliwa! Si Winfrida, mke wa mdogo wangu. Mimi!

Daktari Evelyn, yule mtaalamu wa saikolojia anayefanya utafiti Moshi mjini juu ya walioacha pombe na namna ya kuwasaidia wasirudi, alimtaka mdogo wangu Yoramu ataje mtu wa kuwa mwenzi wake wa kumsaidia. Akanitaja mimi, dada yake. Winfrida alisema ni sawa tu, yeye ana ng'ombe wa kukamua. Wivu mtupu.

Daktari akanieleza kazi. Tamaa ikimpanda Yoramu, nikae karibu, nimsikilize, nisimhubirie. Tamaa hupanda, kisha hushuka yenyewe. Na asikwepe kila kishawishi. Ajizoeze kukikabili akiwa na mpango. Niliitikia kwa kichwa. Binti mzuri, lakini hajui mambo ya ukoo.

Jumapili Kindness, binti wa Yoramu, anapata kipaimara. Kwa desturi yetu baba mwenye shughuli ndiye anayeonja kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Asipoonja, wazee hawagusi. Akionja, tumempoteza tena. Mwaka jana nilimwokota mferejini, mvua inamnyeshea. Sitaki kumwokota tena.

Alhamisi, 5 Desemba.

Njia ya kwenda kanisani inapita kilabuni. Kwa hiyo leo nimempitisha Yoramu kwenye migomba, nyuma ya kwa baba mkubwa Ebenezeri. Akili!

Kumbe mbege ya Jumapili inapikwa huko huko. Mapipa ya ndizi yanachemka, harufu imetanda. Yoramu akasimama, akashika mgomba, jasho likamtoka. Akaniomba nikae naye tu, kimya, mpaka ipite.

Kimya! Nikamwimbia tenzi, beti zote. Baba mkubwa akasikia, akatoka na kibuyu cha mbege iliyoiva ili tuonje. Nilikipokonya nikakimwaga shinani mwa mgomba. Shikamoo yangu hajaiitikia mpaka sasa.

Yoramu alicheka hadi akakaa chini. Akasema tamaa imepita. Ni sauti yangu, bila shaka.

Ijumaa, 6 Desemba.

Jibu limepatikana! Yoramu ataonja mbege isiyolevya. Ndizi mbivu na uji wa ulezi, anywe kabla haijachacha. Rangi ile ile, povu nitalitafuta kwa mwiko. Wazee wataona mtu ameonja, basi.

Ili ifanane kabisa nimeiweka kwenye mtungi wa mbege wa marehemu baba. Nimeuficha zizini, pembeni mwa ng'ombe, kwenye joto, pasipoonekana na mtu.

Winfrida amenikuta natoka zizini na ulezi kichwani. Akauliza kama nimeanza kula pumba. Nikapita zangu.

Jumamosi, 7 Desemba.

Yoramu, Winfrida na Mama wamejifungia jikoni asubuhi nzima. Nilipoingia wakanyamaza. Yoramu akasema wanapanga ya kesho, wameshaongea na Daktari kwa simu, nikae nami nisikilize. Nikasema nina mazoezi ya kwaya. Mwenzi ni mimi, wanapangaje bila mimi?

Nimelia kidogo shambani, kwenye mibuni ya kahawa. Naogopa. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea.

Jumapili, 8 Desemba. Siku yenyewe. (Mwandiko unisamehe.)

Baada ya ibada nikaenda zizini kuonja. Tamu kidogo, kali kidogo. Sikuwa na hakika. Nikaonja tena. Na tena, kwa usalama wa Yoramu.

Mtungi wa baba! Chachu imeganda humo tangu enzi zake, na joto la zizi juu yake. Mwanamke yeyote wa Kichagga angejua. Mimi nilijua nilipojikuta namwomba ng'ombe msamaha.

Nikatoka mbio kumwahi Yoramu. Miguu ikaenda kwingine. Nilipofika uani, alikuwa amesimama mbele ya ukoo mzima. Hakuwa na kata. Alikuwa na jani la isale, lile la kuombea msamaha, ambalo kwetu halikataliwi hata na adui.

Akamwambia baba mkubwa Ebenezeri, wote wanasikia, kwamba hawezi kuonja. Akionja moja hataacha. Anaomba radhi kwa kuvunja desturi, na Mama aonje badala yake.

Baba mkubwa akamtazama sana. Akalipokea jani kwa mikono miwili. Mama akaonja, vigelegele vikapasuka, Kindness akamkumbatia baba yake. Nami nikashangilia kwa nguvu zote, nikakalia sufuria ya mtori wa ndizi.

Yoramu akaacha wageni wake. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akanishikia beseni. Uso aliugeuzia pembeni, nikamuuliza kulikoni. Akasema kata ilikuwa nafuu. Harufu ya mdomo wangu ndiyo mtihani. Nikamwambia aondoke basi.

Hakuondoka. Nampenda huyu mtoto kuliko ninavyoweza kuandika.

Jumatatu, 9 Desemba.

Kichwa! Yoramu ameniletea uji. Amesema ipo siku huenda atateleza, na Daktari amemwambia kuteleza si kuanguka. Siku hiyo hataki tenzi wala mitungi. Anataka nikae naye tu. Nikalia. Nikamwahidi kwa moyo wangu wote: hila basi.

Ila Jumamosi kuna harusi Marangu, naye amealikwa. Harusi! Mbege mapipa kwa mapipa! Alipokwenda tu kukata majani ya ng'ombe, nikawapigia simu wenye harusi. Nikasema hatafika, ana surua.

Wamesikitika sana. Wamesema wataacha maandalizi waje wote kesho kumpa pole. Na kwa kuwa mgonjwa haendewi mikono mitupu, wanakuja na mbege.

Natafuta rangi nyekundu ya kumpaka madoa.