Namba Ishirini na Tano

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Wa ishirini na saba. Tena! Kila Jumapili makocha sitini wa vyuo hupiga kura kutaja timu bora ishirini na tano za futiboli ya Kimarekani nchini, na timu yetu, Nyumbu wa Chuo cha Pickard, haijatajwa humo tangu enzi nikiwa na nywele. Mkuu wa Chuo kaniita. Kasema tukiingia namba ishirini na tano wiki hii, atalifuta neno "Kaimu" mlangoni kwangu. Kaimu Mkurugenzi wa Habari na Kanuni za Michezo. Miaka kumi na moja nakaimu. Ninayemkaimia alishakufa, nilimzika mwenyewe, na bado namkaimia.

Jumamosi tunacheza na Wexley, wa ishirini na mbili. Mkurugenzi wao ni Royce Tidmore. Hakaimu. Jina lake limechongwa kwenye kibao cha shaba. Nimekiona. Nimekigusa.

Sasa siri ya kazi. Makocha hawapigi kura. Jumapili Kocha Grubb yuko hoi, na mechi za wenzake hajatazama hata moja. Ananirushia karatasi, naijaza kabla ya ibada: wa kwanza pointi ishirini na tano, wa mwisho moja. Vyuo vingine ni hivyo hivyo. Timu bora za Marekani huchaguliwa na makarani sitini wenye haraka ya kwenda kanisani. Nikatabasamu peke yangu.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeshinda kwenye simu. Nipe nikupe: utaje timu yangu, nami nitaitaja yako. Makarani kumi na mmoja wamekubali. Yule wa Idaho alitaka timu yake iwe ya kumi na sita. Imeshinda mechi moja tu. Nimempa, mimi si mchoyo.

Kisha bahati! Kwenye kituo cha mafuta nimesikia kwamba Lassiter, mrushaji nyota wa Wexley, ananyolewa bure na kinyozi wa mjini kwao. Mchezaji wa ridhaa! Kitabu cha kanuni, ukurasa wa 212: mchezaji wa ridhaa asipokee kitu ambacho mwanafunzi mwingine hawezi kukipata. Nimemshtaki kwa Shirikisho la michezo ya vyuo, kwa faksi. Sikuweka jina. Nimesaini "Mpenda Haki."

Jumatano, 9 Oktoba

Shirikisho limejibu. Linamshukuru Bwana Verlon Stubblefield. Kumbe faksi yetu huchapa jina la chuo na la ofisi juu ya kila ukurasa. Mkaguzi wao, Bi. Hatch, ameleta fomu: mshitaki aape kwamba wachezaji wake hawajapokea chochote. Nimesaini kabla kahawa haijapoa.

Jioni, baada ya ibada ya Jumatano, nikakaa mezani nyumbani. Mbele yangu Tavaris Birdsong, mpiga mateke wetu, akimalizia bakuli la tatu la pai ya pichi ya mke wangu Ardith. Huja kila Jumatano. Nikakitazama kijiko kikipanda na kushuka. Kikipanda na kushuka.

Birdsong akaniuliza, "Mzee, unaumwa?"

Nikaeleza. Ardith akaweka upawa chini. Akasema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini mimi nimekimbia kumwita kinyozi. Akasema mama yake Birdsong, anayekata samaki kiwandani kule Mississippi, anakuja Jumamosi kwa basi, na hajawahi hata siku moja kumwona mwanawe akicheza chuoni. Hilo sikulijua. Birdsong akauliza kwa adabu kama anatakiwa airudishe pai.

Sikupata usingizi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepata! Kanuni inakataza kitu ambacho mwanafunzi mwingine hawezi kukipata. Basi wanafunzi wote wakila pai, Birdsong hakupendelewa. Amewahi kula tu, foleni ilikuwa haijafika. Wanafunzi ni 1,140.

Nilimweleza Ardith. Akaosha sufuria mbili. Kisha akauliza nani atamenya pichi. Nikafafanua kuwa sehemu yangu ni utawala.

Nimemenya tangu saa nane mchana. Kina mama wa kanisa wamekuja kusaidia, na wote wameshasimuliwa. Mmoja ananiita "Mpenda Haki" kila akitaka kisu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Trei ishirini na mbili. Meza mlangoni pa bwalo, saa kumi kamili, na bango: PAI KWA WANAFUNZI WOTE. Nilifikiria kila kitu isipokuwa kwamba mazoezi huisha saa kumi kamili.

Walikuja wakikimbia. Wachezaji sitini na mmoja, kila mmoja ana kifua cha kabati. Wanafunzi wa kawaida wakabaki nyuma na vijiko vyao. Trei ya mwisho ilikuwa inakwanguliwa na Kocha Grubb mwenyewe pale Bi. Hatch alipotokea na mkoba wake. Akauliza wanafunzi wangapi wamekosa. Nikasema kama elfu moja. Akauliza wachezaji wangapi wamepata. Nikasema wote. Akaandika. Mama mmoja wa kanisa akamwongezea habari ya Birdsong na pai ya Jumatano, akaandika na hiyo.

Tidmore akapiga simu. Kicheko kwanza, dakika nzima. Kisha, "Verlon, ndugu yangu, msimu huu wewe ndiye mchezaji wetu bora!"

Hukumu imetoka saa kumi na mbili. Kuwafungia sitini na mmoja kutaua mechi, na mechi imeshauzwa kwa televisheni; kwa hiyo pai ya Ijumaa itatafakariwa majira ya kuchipua, msimu ukiwa umekwisha. Nywele za Lassiter nazo zitatafakariwa, maana picha yake iko kwenye mabango yote. Lakini pai ya Jumatano inamhusu mchezaji mmoja, na mechi inachezeka bila mchezaji mmoja. Birdsong amefungiwa mechi moja.

Nilimwomba Bi. Hatch atende haki. Akasema ndiyo hiyo.

Birdsong aliposikia alisema, "Sawa, mzee." Basi. Nimeona aibu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma humu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mama Birdsong amefika. Amekaa ndani ya basi kwa muda wa saa kumi na moja. Kavaa fulana yenye namba ya mwanawe, kakaa karibu na Ardith. Birdsong kasimama pembeni mwa uwanja na nguo za kanisani.

Mama akauliza ataingia saa ngapi. Ardith akanitazama. Nikakumbuka kwamba nina takwimu za kuhakiki. Ardith akanishika mkono wa koti.

Nikamwambia mama yote. Fomu, faksi, kinyozi, pai. Nilijiandaa kutukanwa.

Akauliza, "Alikula?"

Nikasema alikula.

"Alishiba?"

Nikasema bakuli tatu.

Akageuka kutazama mechi. Afadhali angenitukana.

Tumeshinda 12 kwa 10! Tumevuka mstari mara mbili, pointi sita kila mara, na mara zote mbili mpiga mateke wa akiba, aliyeshika nafasi ya Birdsong, amekosa teke la pointi ya nyongeza. Teke la pili lilimpata mpiga tarumbeta. Lakini tumewafunga wa ishirini na mbili! Tidmore alikuja kunipa mkono. Akasema tumestahili. Ana mbinu, huyo.

Jumapili, 13 Oktoba

Kocha kanirushia karatasi. Kumi na nne za kwanza hazina mjadala, hata mtoto anazijua. Zikafuata kumi na moja za ahadi zangu. Idaho namba kumi na sita, kama tulivyoafikiana. Jumla ishirini na tano barabara! Sikumwangusha hata mmoja. Ardith, akifunga kofia yake ya ibada, akauliza kama wote wamo. Nikamwambia mwanamume hupimwa kwa ahadi zake.

Jumatatu, 14 Oktoba

Wa ishirini na sita.

Wexley ndio wa ishirini na tano. Wametuzidi pointi moja. Tungepata moja tu tungelingana nao, na wanaolingana huandikwa wote.

Mkuu wa Chuo alikuwa na orodha nzima ya kura. Makarani wangu kumi na mmoja wametimiza, Mungu awabariki. Hata Tidmore ametutaja, wa ishirini na tatu, bila kuombwa. Mkuu akasema kwa upole kuwa kuna chuo kimoja ambacho siku zote hutupigia kura na safari hii hakikutoa hata pointi. Nikasema nitakishtaki. Akanigeuzia karatasi. Pickard.

Nilipotoka nikamkuta fundi mlangoni kwangu. Asubuhi aliambiwa aanze kazi mapema, alishakwangua nusu ya "Kaimu." Sasa anairudishia rangi. Akaniomba nimshikie kopo.

Birdsong amefunguliwa. Ameuliza kama Jumatano aje. Ardith kasema aje, na kanuni nazo zije zile pai.

Lakini mimi nimejifunza kuwa mwangalifu. Nimeshinda nikisoma kitabu cha kanuni. Ukurasa wa 347: chakula atakachopewa mchezaji na mzazi wake si zawadi. Mzazi! Kwa nini sikuuona mapema? Alasiri hii nimeandikia mahakama ya kaunti kuomba fomu za kuasili mtoto, nakala sitini na moja.

Ardith nitamweleza jioni.