Kaunta Isiyotaka Viwiko

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa nyumba na jikoni,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Nilikuwa na nyumba ya magogo niliyoyamenya maganda kwa mikono yangu, na mke tuliyekuwa tukielewana naye. Nyumba bado ninayo. Mke ndiye ninayetaka unirudishie, maana tangu afuate makala yenu ya kuchagua kaunta za lamineti, yaani mbao zilizovikwa plastiki juu, tumekuwa watu wa kupishana mlangoni.

Nimeyapa malalamiko namba ili usije ukasema nimeandika kwa hasira.

1. Mliandika kwamba mtu asichague kaunta dukani. Achukue vipande vya sampuli akavitazame nyumbani, asubuhi kwa mwanga wa dirisha na jioni kwa taa. Mke wangu anaamini kila kilichochapishwa. Vipande vilikaa dirishani mpaka vikapata majina ya utani. Mama mkwe akaitwa kupiga kura. Cha kijivu kilikataliwa kwa kuwa kimenuna, cheupe kwa kuwa kinafichua kila tone la chai. Mwisho wakachagua chenye picha ya mbao. Naomba urudie kusoma hapo. Kuta zetu ni mti, dari ni mti, kizingiti ni mti, nasi tumeleta plastiki yenye picha ya mti. Wageni wanaipapasa na kuisifu, huku wameegemea magogo yangu bila hata kuyatupia jicho.

2. Fundi seremala alikuja na pimamaji, akapima, akarudia, kisha akaniambia kwa upole wa daktari kwamba ukuta wangu una tumbo. Ni gogo, Mhariri, lingekosaje tumbo? Akaongeza kuwa magogo yakizidi kukauka nyumba hushuka kidogo kidogo, kwa hiyo hakuibana kaunta ukutani. Aliacha mwanya nyuma yake. Vijiko vyetu vya chai vimehamia humo. Navisikia kila nikifunga droo.

3. Matunzo. Kisu kisiguse kaunta bila kibao cha kukatia. Sufuria ya moto isitue bila kitu cha kuikinga chini. Unga wa kusugulia na waya wa sufuria, marufuku. Maji yasilale kwenye maungio, yakipenya ndani mbao zitavimba. Tumia kitambaa laini na sabuni kidogo, kisha kausha. Kifungua mimba wetu hakulelewa hivyo, na amekua vizuri tu. Juzi nilizunguka jikoni na sufuria ya supu mikononi nikitafuta pa kuitua, mama mkwe ananitazama kama refa. Nikaitua sakafuni. Akasema angalau nimeanza kuelewa.

4. Hapa ndipo panaponiuma. Kabla ya kaunta palikuwa na ubao wangu wa zamani, umechanjwa na visu na kuunguzwa na sufuria. Jioni mimi na mke wangu tuliweka viwiko pale, tukaongea mpaka chai ikapoa. Sasa kiwiko kinaacha alama. Yeye anafuta, mimi nakunywa chai kwenye ngazi za nje. Namkumbuka mke wangu, na yuko humu humu ndani.

Kwa hiyo naomba mchapishe kwamba mlikosea, na kwamba lamineti hudumu zaidi ikiegemewa. Hilo likishindikana, mwandishi wa makala aje aishi na kaunta, mke wangu aje kwenye ngazi. Na hilo likishindikana, mpe mama mkwe dawati la uhariri; hakuna kosa litakalompita, nami nitapata kiti.

Wasalimie wachapaji wote, na mwandishi wenu pia, sina kinyongo naye.

Wako mtiifu, mwenye viwiko visivyo na kwao,
Baba Magogo

Nyongeza: Sikupata pengine palipo sawa pa kuandikia, kwa hiyo nimeandikia kwenye kaunta. Mke wangu amesoma yote nyuma ya bega langu. Akavuta kiti, akaweka viwiko vyote viwili, na kikombe chake akakitua bila kisahani, kimelowa chini, kama zamani. Nikakimbilia kitambaa. Nimefuta, nimekausha, nimemwinua kiwiko nikafuta na hapo. Sasa yeye ndiye yuko kwenye ngazi na chai yake, nasikia anacheka. Tafadhali usiichapishe barua hii. Niambie tu wino kwenye lamineti hutolewa na nini.