Safari ya Bomba kutoka Roma hadi Newala

Tarehe 14 Septemba 1991. Ni miaka thelathini na minane tangu niondoke Newala. Hapa nanakili, kutoka daftari langu la ukarani, hotuba ya mkubwa wangu wa kazi, Bwana Edmund, Afisa Msaidizi wa Mabomba, siku ya kufungua bomba la maji kijijini kwetu, upande wa Chilangala. Makofi na maneno ya watu niliyaandika palepale. Mama Dunstan anayetajwa humu ni mama yangu. Dunstan ni mimi.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Bwana Shauri wa wilaya, ambaye hajafika lakini kiti chake kipo, Mheshimiwa Liwali, Waheshimiwa Majumbe wa Makote na Chilangala, Padri wetu na Shehe Abdulkadiri, mliokaa benchi moja kwa upungufu wa mabenchi, Mwalimu Cuthbert na kwaya yake, wazee wenye kofia na wasio na kofia, akina mama mlioketi chini na ninyi mnaotaka kusimama: hamjambo!

(Hatujambo!)

Mimi ni Edmund, jina mnalolijua kwa kuwa limechorwa kwenye saruji ya tangi hili, mstari wa kwanza, wa pili na wa nne. (Makofi ya majumbe.) Kabla sijafungua koki hii ni wajibu wangu, kwa mujibu wa plani, kuwaelimisha juu ya neno lenyewe, maana mtu hawezi kunywa kitu asichokijua asili yake.

(Sauti ya mwanamke: "Tunaweza!" Kicheko.)

Neno bomba, mabibi na mabwana, halikuzaliwa Newala. Lilitoka Roma ya kale, likiitwa bombus, yaani mvumo, kama ule wa nyuki mzingani. Hicho ni Kilatini, lugha niliyoisoma kule Masasi kwa miezi minne, nikaiacha kwa sababu za afya. Basi neno likawaaga nyuki, likasafiri. Wataliano wakaona kile kitu cha baruti kinachopasuka kwa kishindo, wakakiita kwa jina hilo. Mwingereza akalipokea, akalikata mkia, nasi tukalipata kwake likiwa bomu.

(Mzee Bwanali, aliyekuwa mpagazi katika vita vya Mjerumani: "Hilo lilipita hapa! Nimebeba masanduku yake mpaka Ruvuma!")

Asante, mzee wetu, keti. Mreno, yeye, alikuwa na shida ya maji kuingia melini, akatengeneza chombo cha kuyavuta na kuyatupa nje, akakiita bomba. Akaja pwani yetu, Mswahili akamsikia, akalichukua neno na kuliongezea kazi: likawa chombo cha kuvuta maji, likawa mrija unaopitisha maji, na ukienda hospitali, hata kile anachoshika daktari kabla hujaanza kulia kinaitwa bomba la sindano. Neno moja, kazi zote hizo, na halijawahi kuomba likizo! Na leo, chini ya uongozi wangu, neno hilo limepanda mlima hadi hapa.

(Makofi. Kwaya inaanza kuimba, inanyamazishwa. Mama Dunstan anasimama. "Bwana Afisa!")

Naam, mama.

(Minong'ono: "Hajamwamkia." "Mtoto wa juzi huyu!" Bwana Edmund anavua kofia.)

Shikamoo, mama.

("Marahaba, mwanangu. Hilo neno lako limetembea sana, pole yake. Mimi nina goti. Mwezi uliopita niliteleza kwenye mteremko. Debe likaenda kwake, nami nikaenda kwangu. Tuliambiwa bomba ni lazima linyweshwe kwanza ndipo lijue kuvuta. Tumelinywesha siku mbili. Nauliza jambo moja tu: kesho alfajiri nishuke bondeni, au nisishuke?" Akina mama: "Haya! Tuambie!")

Swali zuri, swali la kitaalamu, na litajibiwa mahali pake. Ripoti yangu yenye kurasa sitini inaonyesha kuwa mwanamke wa huku hutumia saa tano na robo kwenda bondeni na kurudi. Skimu hii itapunguza muda huo kwa asilimia mia moja na ishirini, maana yake atakuwa amefika nyumbani kabla hajaondoka. (Mwalimu Cuthbert anahesabu kwa vidole.) Kamati imekutana mara kumi na tisa, imejadili presha, imejadili silinda, imejadili rangi ya tangi, na katika yote hayo mimi nilikuwa mwenyekiti, mjumbe na mwenye kupinga.

Tena, kuna mila yetu ya huku juu. Mgeni akifika hupewa maji ya kunawa, na mgeni mwenye adabu hulowesha ncha za vidole tu, kwa sababu anajua maji yale yamepanda kichwani mwa mtu. Mila hiyo nzuri leo naistaafisha! Tazameni.

(Anafungua koki. Maji yanatoka. Vigelegele. Bwana Edmund ananawa mpaka kwenye viwiko. Vigelegele vinakatika.)

Mbona kimya? Semeni nami. Bomba!

("Maji!")

Bomba!

("Maji!")

Maji!

(Wachache, kwa nyuma: "Bondeni!")

Kwa kumalizia, nawashukuru akina mama ishirini na saba, wakiongozwa na Mama Anjelina na Mwanaisha, walioshuka na kupanda na madebe, wakalijaza tangi hili ili sherehe isitutie aibu. Namshukuru fundi Mohamedi, ambaye mwisho wa bomba ameufukia vizuri sana, hatua nane nyuma ya tangi, mahali ambapo mtu hawezi kujikwaa. Mashine ya kuvuta maji naishukuru mapema, kabla haijaagizwa. Na kwa mama aliyeuliza: shuka, mama, lakini shuka kwa fahari, kwa kuwa sasa unajua neno lilikotoka. Ahsanteni.

(Hakuna makofi. Mama Dunstan anakuja mbele akichechemea, anaweka debe chini ya koki. "Usifunge, mwanangu. Nachukua la kwangu, la jana." Mama Anjelina anajipanga nyuma yake, kisha Mwanaisha. Kila mmoja anachukua debe lake. Maji yanakwisha kwa mama wa ishirini na sita. Wa ishirini na saba, Paulina, anamtazama Bwana Edmund viwiko.)

Daftari linaishia hapo. Kile Kilatini nilimtafutia mimi, katika kamusi ya Padri, na nilifurahi sana nilipokipata. Mama alijua. Alfajiri yake alishuka bondeni na goti lile lile, na juma lililofuata nikapanda lori la Masasi.

Nasikia maji ya kweli yalifika baadaye, na kwamba siku hizi vijana wakipenda kitu husema ni bomba. Neno bado linasafiri. Mama amezikwa Newala. Mimi sitarudi.