Tundu Lisilofanana na la Galliano

Alhamisi, 9 Novemba

Nimeamua. Nanunua bunduki ya wenzo.

Sababu ni Galliano, mwuza nyama wetu, na nguruwe mwitu wa mwaka jana. Tulimpiga sote wawili kwa mpigo mmoja. Mimi nasema aliangushwa na risasi yangu. Lakini kikosi chetu kizima cha uwindaji tunatumia risasi ya 308, na matundu yalifanana kama mapacha. Delfo, mkuu wa kikosi, akampa Galliano ushindi. Meno ya nguruwe yule sasa yametundikwa kwenye ukuta wa kibanda cha wawindaji, na chini yake jina la Galliano. Jozi yake ya nne! Mimi nawinda katika vichaka hivi vya Maremma tangu nikiwa mwalimu kijana, na ukuta ule haujui jina langu. Macho yanachoka. Nikizidi kungoja, jina langu litaandikwa kwanza kwenye ukuta wa makaburini.

Dawa: risasi yenye tundu lisilofanana na la mtu mwingine. Ajabu kwamba hakuna aliyewahi kuwaza hilo.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimekwenda mjini Grosseto, dukani kwa Bi Norma. Nimemweleza jinsi bunduki ya wenzo inavyofanya kazi. Unasukuma mbele kile chuma cha pete kilicho chini ya mkono, ganda tupu linaruka. Unakirudisha, risasi mpya inapanda. Fupi, nyembamba, hainaswi na miiba. Nikamweleza pia kwamba risasi zake hupanga foleni ndani ya mrija, pua ya hii kwenye kitako cha ile, ndiyo maana pua zake ni bapa. Yenye ncha kali ingeweza kuilipua iliyo mbele yake. Bi Norma anauza bunduki tangu ujana wake, lakini alinisikiliza hadi mwisho. Mwanamke mwenye adabu.

Akanishauri nichukue ya 30-30. Nyepesi, haipigi bega, na kwa hatua thelathini, ambazo ndizo mtu anazoweza kuona vichakani kwetu, inamtosha nguruwe yeyote. Kweli tupu. Ila tundu lake lina upana uleule wa 308. Nikachukua ya 45-70, yenye risasi nene kama kidole. Akauliza habari za bega langu. Nikamwambia bega ni langu.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimekwenda uwanja wa shabaha. Risasi moja. Imetosha.

Bega lina rangi ya bilinganya. Fosca, mke wangu, ameuliza nimepigana na nani. Nimemwambia nilijigonga mlangoni. Akataka kujua mlango ulianza vipi.

Jioni kibandani, chestinati, njugu zetu za msituni, za kuchoma na mvinyo mpya, kama kila sikukuu ya Mtakatifu Martino. Nimepitisha risasi yangu mezani. Galliano akaisimamisha kando ya glasi yake, akaitazama.

“Mwalimu, hii ni ya nguruwe au ya treni?”

Wamecheka sana. Wacheke. Kesho watapima tundu.

Jumapili, 12 Novemba

Tumepiga kura ya vituo vya kumngojea nguruwe. Mimi nimepata cha chini ya barabara ya msituni, Galliano cha jirani. Mbwa wakaanza kelele bondeni. Kisha akatokea, mkubwa kama kabati! Nikafyatua.

Nguruwe akasimama. Akanitazama kama mkaguzi wa shule aliyekuta darasa halina mwalimu. Akaenda zake. Akafika kwa Galliano, mlio mmoja, chini.

Nikakimbia nikisema tukague matundu. Tulilikuta moja. Jembamba. Basi langu liko wapi?

Delfo ndiye aliyeligundua. Lilikuwa kwenye mlango wa gari lake, pale juu barabarani. Akauliza ni nani. Mimi nilikuwa nachunguza mawingu. Galliano akaniomba risasi moja kwa upole, akaiingiza kwenye tundu. Ikaingia kama kidole kwenye pete.

“Haya, Mwalimu,” akasema Delfo, “leo hatubishani ni la nani.”

Desturi ya kikosi chetu ni kwamba aliyekosa shabaha huvaa kikaango shingoni na kuwakaangia wenzake maini. Nimekaanga. Niseme ukweli, maini yamesifiwa. Siri ni kutia jani la kunukia la mbei mapema.

Jumatano, 15 Novemba

Nimemnunulia Delfo mlango mpya. Ule wa zamani ameutundika kibandani, na chini yake kibao: MWALIMU ARDENGO.

Fosca anasema ni aibu ya ukoo mzima. Nimemweleza kwa utaratibu. Kwanza, kosa si la bunduki, gari lilisimama mahali pabaya. Pili, jina langu liko ukutani. Tatu, jozi zote nne za Galliano zingeenea ndani ya mlango wangu, na nafasi ikabaki.

Nimelala vizuri.

Jumapili, 19 Novemba

Wageni wametoka Siena kuwinda nasi. Walipoingia kibandani walikwenda moja kwa moja kwenye mlango ule wa gari. Mmoja akatia kidole gumba katika tundu, akapiga mluzi. Nimewaeleza hadi polenta, ugali wetu wa mahindi, ikapoa. Hakuna aliyeuliza habari za meno.

Galliano amekula kidogo. Baada ya chakula akaniita nyuma ya vizimba vya mbwa.

“Niuzie ile bunduki, Mwalimu. Bega langu pana kuliko lako.”

Nikasema nitafikiri. Nimefikiri hadi tulipofika kwenye gari.

Jumatano, 22 Novemba

Tumekwenda kituo cha polisi kuandikisha mauzo. Njiani nimemweleza habari za pua bapa. Biashara nzuri: bega langu limegeuka manjano, karibu kupona, na tundu lolote pana litakaloonekana sasa msituni ni la Galliano.

Baada ya chakula cha mchana likanijia wazo. Nikinunua nyingine kama ile, matundu yetu yatafanana tena!

Nimempigia simu Bi Norma. Nimeuliza kama kuna yenye risasi nene zaidi. Akauliza kwanza kama Delfo bado anaegesha gari palepale. Kumbe habari zimefika Grosseto. Nikamwambia hilo halihusiani na biashara.

Ipo, akasema.

Nakwenda Ijumaa.